Sekunde 90 za kuliza watu: kuhusu filamu ya kuaga Coccinelle

Leo nakosoa filamu. Si zile za saa mbili zenye kukula mega zote za juma. Hii ni ya sekunde 90, ya kuchorwa, na ni tangazo la biashara. Najua kuna watakaosema tangazo si kitu cha kukosoa, kazi yake ni kuuzisha, basi. Mimi naona tangazo likiweza kuliza mtu mzima mwenye ndevu, linastahili kuangaliwa kwa macho mawili, sawa vile tunaangalia riwaya ao wimbo.

Inaitwa The Last Mile, njo kusema maili ya mwisho. Volkswagen iliitoa wakati wa kufunga mwaka 2019, ili kuaga motokari yake ndogo ya mgongo wa mviringo, ile sisi huku tunaita Coccinelle, Wajerumani Käfer, Wabrazili Fusca, na watu wa Meksiko vocho. Hadithi ni nyepesi. Mtoto anakua pembeni ya Coccinelle ya wazazi wake. Anakuwa kijana, anapenda, anakuwa mzazi naye, nywele zinakuwa nyeupe. Kwaya ya vijana inaimba polepole wimbo wa zamani wa Beatles. Watu wanasimama barabarani kuangalia motokari inapita, na kati yao wachoraji wameficha sura za watu wenye jina, kama Andy Warhol. Mwishoni motokari inapaa, inaenda zake angani. Maandishi yanakuja kutuambia kwamba njia moja ikiisha, nyingine inaanza.

Niseme wazi juu ya nini ninaiandikia. Filamu hii haikunifikia kama tangazo. Ilinifikia kama jibu katika ugomvi wa familia, na jibu lile lilifunga watu midomo.

Katika lupango yetu, Likasi, chini ya muembe, kuna Coccinelle ya nkambo, baba ya baba yangu. Aliinunua mwaka 1976 kwa muzungu mmoja aliyekuwa anarudia kwao Ubelgiji. Watoto waliipa jina Fulwe, kobe kwa Kibemba. Iliacha kutembea mwaka 2009, nikiwa na miaka kumi na miwili. Tangu pale, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mwaka uliopita mdogo wangu alikubaliwa kusoma udaktari, na minervali ilikuwa haijatimia. Akapita kijana mmoja wa mitrayi, wale wanaonunua vyuma vya zamani kwa kilo, akatoa dola 180. Mama akasema: tuuze. Papa akasema: hapana. Wajomba na tantini wakaingia, kila mtu na neno lake kwenye grupu ya WhatsApp. Wakati Mama alikuwa anakaribia kushinda, juu hesabu ilikuwa upande wake, binamu yangu mmoja wa Kolwezi akatuma ile filamu. Bila neno. Ndani ya saa moja grupu nzima ilijaa sura za kulia. Tantini mmoja akaandika, "Kweli, motokari ni mutu." Hesabu ya Mama hakuna aliyeirudilia tena.

Filamu yenye nguvu ya vile, lazima mtu aifungue aone ndani mna nini.

Nianze na uzuri, maana uko. Wachoraji walifanya kitu cha akili sana: mwanaume anabadilika kila mara, motokari haibadiliki. Hakuna tarehe inayoandikwa, lakini jicho linahesabu miaka lenyewe. Tena hakuna sauti ya mtu anayejisifu, hakuna bei. Na motokari yenyewe ilisaidia. Sura yake iko sawa uso wa mtu, taa mbili ni macho. Walt Disney walielewa hiyo tangu mwaka 1968 katika The Love Bug, mahali Coccinelle yenye namba 53 ilifanywa muhusika kamili bila kusema hata neno moja. Motokari nyingine ndogo ziliuzwa kwa mamilioni na hakuna aliyezifanyia filamu ya kilio. Hii umbo lake peke lilitosha.

Lakini angalia vizuri mwanaume wa filamu anaipenda kwa njia gani. Anaipenda sawa picha ya ukutani. Niliirudilia mara sita ao saba, na sikuona mahali ambapo kapo inafunguliwa. Sikuona mkono wenye mafuta. Sikuona mtu akisukuma.

Sasa mniache niwaeleze nkambo alikuwa anapenda Fulwe namna gani. Injini ya Coccinelle iko nyuma, na inapozwa kwa hewa, haina maji. Kwa hiyo, kwenye milima ya kuelekea Lubumbashi, wakati motokari za wenzake zilikuwa zinasimama na kutoa moshi kama chungu ya sombe, nkambo alikuwa anapita akipiga honi. Hiyo ilikuwa sifa yake kubwa, aliihadithia mpaka mwaka wa kufa. Lakini hewa haiponyeshi kila kitu. Siku moja, wakitoka Kambove, kamba ya akseleratere ilikatika. Nkambo alifunga kamba ya katani kwenye injini, akaipitisha juu mpaka dirishani, akamkalisha Papa kiti cha nyuma. Papa alikuwa na miaka tisa. Nkambo alikuwa anashika volani na kupiga kelele, "Vuta! Achia! Vuta kidogo!" na mtoto alikuwa anavuta. Wakafika Likasi usiku, mikono ya Papa imechubuka. Mpaka leo, ukimwambia Papa kwamba Fulwe ni chuma, anaangalia vidole vyake.

Ile kamba ingekuwa kwenye filamu, ningenyamaza. Mapenzi ya Papa yalizaliwa pale, ndani ya shida, na injini ikimlia nyuma ya kichwa. Familia nyingi ninazozijua zinapenda motokari zao kwa sababu ya namna hiyo. Waliilipa miaka kumi. Ilibeba mifuko minne ya mahindi, kiti cha nyuma kikiwa kimetoshwa na kuachwa shambani. Ilimpeleka nkambo mwanamke hospitali mwaka 1991, na ikarudi bila yeye. Kumbukumbu ya vile haina haja ya kwaya.

Nilimwonyesha Mama filamu kwenye simu yangu, yeye peke, mbali na grupu. Aliiangalia mpaka mwisho, akasema ni nzuri. Kisha akauliza: "Na nani alikuwa anaisukuma asubuhi?" Alipoolewa, mwaka 1996, batiri ya Fulwe ilikuwa imekufa na pesa ya nyingine haikuwepo. Kila asubuhi nkambo alikuwa anakaa kwenye volani, Papa na Mama wanasukuma mpaka kwenye mteremko. Mama alisukuma akiwa na mimba yangu ya miezi sita. Hakunieleza kwa hasira. Lakini nilielewa kwamba katika nyumba moja, motokari moja inaweza kuwa na hadithi mbili, ya yule anayekaa ndani na ya yule anayebaki nyuma kwenye vumbi. Filamu iliandikwa upande wa volani. Na ilipotua kwenye grupu yetu, iliongeza nguvu ya upande ule ule.

Kuna kitu kingine ambacho wakosoaji waliosifu filamu walipitia haraka. Coccinelle ile inayopaa ni ya zamani, ya injini nyuma. Sasa, Coccinelle ya zamani haikufa mwaka 2019. Ujerumani iliacha kuitengeneza mwaka 1978, na ya mwisho kabisa ya ulimwengu ilitoka kiwanda cha Puebla, Meksiko, tarehe 30 mwezi wa 7 mwaka 2003. Ilikuwa namba 21,529,464. Ile iliyokomeshwa mwaka 2019, katika kiwanda kile kile cha Puebla, ni nyingine: injini mbele, inapozwa kwa maji, mifupa ya motokari ya kisasa iliyovalishwa sura ya nkambo. Wateja walikuwa wamepungua, kampuni ikaikomesha, hakuna ubaya. Lakini kwa kuaga mjukuu, walileta picha ya nkambo kwenye kilio. Kila mtu alilia juu ya marehemu aliyezikwa miaka 16 mbele. Kwa biashara hiyo ni akili. Kwa hadithi, naona ni kuchezea kidogo machozi ya watu.

Tena filamu inaanza mahali historia imekwisha kusafishwa. Motokari hii ilifikiriwa na Ferdinand Porsche kwa agizo la utawala wa Hitler, na jiwe la kwanza la kiwanda liliwekwa mwezi wa 5 mwaka 1938. Wafanyakazi Wajerumani waliambiwa wanunue stempu za marki 5 kila juma, zikifika marki 990 kila mmoja atapata motokari yake. Zaidi ya watu 300,000 waliweka pesa. Vita ikaja, kiwanda kikatengeneza vyombo vya jeshi kwa mikono ya watu waliolazimishwa, na kati ya wote waliolipa hakuna aliyepewa motokari. Alikuwa afisa Mwingereza, Ivan Hirst, aliyefufua kiwanda mwaka 1945. Mwaka 1972 Coccinelle ilipita idadi ya Ford Model T, ikawa motokari iliyotengenezwa kwa wingi kuliko zote za wakati ule. Siombi sekunde 90 zibebe mambo hayo yote. Nasema tu kwamba hadithi ya kweli ya familia na motokari hii ilianza na familia zilizoliwa pesa zao, na hiyo pia ni mapenzi: juma kwa juma, stempu kwa stempu, kwa kitu ambacho hawajakigusa.

Sasa tuje kwenye ile njia nyingine inayoanza, maana pale njo nasoma kama agronome na kama mtu wa huku.

Mwezi wa 9 mwaka 2015, Marekani ilifunua kwamba Volkswagen iliweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi katika motokari zake za mazutu. Ulimwenguni zilikuwa kama milioni 11. Jina lilichafuka. Kampuni ikageukia umeme kwa nguvu, na mwezi wa 11 mwaka 2019, kule Zwickau, ilianza kutengeneza ID.3, motokari ndogo ya umeme. Haikupita miezi miwili, filamu ya kuaga ikatoka. Basi ile mbingu ambamo Coccinelle inapaa haiko tupu. Ni mlango wa duka jipya. Kilio kinatuandaa kununua.

Na ndani ya betri za namna hiyo mna litiumu, nikeli, manganezi na kobalti. Kuna betri nyingine, za chuma na fosfati, zisizo na kobalti, na zinaongezeka, lakini kwa miaka ile kobalti ilikuwa katika nyingi za Ulaya. Zaidi ya nusu mbili kwa tatu ya kobalti ya ulimwengu inatoka Kongo, karibu yote Lualaba na Haut-Katanga. Sitaki kusema jiwe fulani lilitoka shimo fulani likaingia motokari fulani, sina ushahidi huo. Nasema tu filamu inaposema "njia", sisi tunajua njia inapita wapi. Inapita Kolwezi. Inapita Kasulo, mtaa ambao kuanzia mwaka 2014 watu walichimba ndani ya lupango zao, wengine mpaka chini ya sakafu ya nyumba.

Wenzangu wa kilimo wanaelewa lupango ni nini. Ni muembe, mipapai, mistari miwili ya lengalenga, mihogo pembeni ya ukuta. Udongo wa chini ukiletwa juu na shaba na kobalti yake, mizizi ya mahindi inabaki mifupi, majani yanageuka njano kama mgonjwa, na mvua inasukuma vumbi lile mpaka kwa jirani. Kuna mimea michache inayovumilia, kama Haumaniastrum, ile maua yake mafundi wa zamani walikuwa wanafuata ili kujua shaba iko wapi. Hapa Lubumbashi, Penga Penga, moshi wa kuyeyusha shaba uliua mimea mpaka watafiti wakaanza kuotesha majani ya Microchloa ili tu udongo usiondoke na upepo. Mara ya kwanza nilipoona pale, nilikuwa mwanafunzi, nilishika udongo mkononi na haukuwa na harufu yoyote. Udongo wenye uzima unanukia.

Niliandika kidogo ya hayo kwenye grupu ya familia. Binamu yangu wa Kolwezi akanijibu kwa sauti: "Weye, yaya, unaleta politiki kwa motokari ya nkambo." Na aliongeza kitu ambacho sikuweza kukivunja: yeye mwenyewe anatumika kwenye kampani ya migodi, mshahara wake njo umelipia bati za nyumba yetu, na kama watu wa Ulaya wakiacha kununua motokari za umeme, yeye atarudi Likasi kukaa chini ya muembe pamoja na kuku wa Fulwe. Ana haki. Esanse ya Fulwe nayo haikutoka mbinguni, ilitoka udongo wa watu wengine. Sina jibu safi. Lakini ninaona binamu anajua bei ya kitu, na filamu haijui, ao inajifanya haijui, na ajabu ni kwamba yeye mwenye kujua njo aliituma.

Swali linalobaki kwangu ni kama motokari ya umeme itapendwa hivyo. Nafikiri ndiyo, watu wanapenda kinachowabeba. Lakini kamba ya katani hautaifunga kwenye betri. Kitu kikiharibika, inaomba kompyuta na ruhusa ya kiwanda. Mtoto wa miaka tisa hatapata nafasi ya kuokoa baba yake njiani. Nkambo alikuwa anasema fundi wa kwanza wa motokari ni mwenyewe, na nadhani sehemu kubwa ya upendo wake ilitoka pale. Wahandisi wa Wolfsburg hawakufikiria mapenzi walipoweka injini inayoweza kushushwa na watu wawili kwa bulo nne. Mapenzi yaliingia kwa ile nafasi.

Na kupaa? Hapo ndipo filamu inanikasirisha zaidi kuliko mahali pote. Wachoraji walikuwa na ujasiri wa kumzeesha mwanaume, lakini motokari walikataa kuizeesha. Waliogopa kuonyesha mwisho wake, wakaipa mabawa. Kwetu motokari haipai. Rimu moja ya Fulwe ni mbabula ya Mama, tumepikia bukari juu yake tangu niko darasa la sita. Kioo cha pembeni kiko ukutani, Papa ananyolea ndevu pale. Kiti cha mbele kiko barazani, mgeni akija anakalishwa pale kwa heshima. Sehemu kubwa ya Fulwe ingali kazini. Nilimwambia Papa hivyo, kwamba kama ni kukumbuka, tumekwisha kukumbuka kwa sehemu zote, kilichobaki chini ya muembe ni nyumba ya kuku. Hakujibu. Siku tatu baadaye niliona ametosha volani na kuiweka chumbani, juu ya kabati. Kijana wa mitrayi anapita kila Jumamosi, na sasa Papa anamsalimia.

Kwa wenye kutaka kuiona: inapatikana, ni fupi, haikuli mega nyingi. Iangalieni mara ya kwanza na sauti, mlie kama mnataka, mimi nililia. Mara ya pili fungeni sauti, na muangalie mikono ya watu tu, kila mkono, unashika nini. Kisha mniambie kama mmeona hata mmoja umechafuka.